Chokaa Shinani mwa Mtambuu

Wewe unayesoma, keti karibu yangu. Nakuhesabu kuwa mtu wangu wa ndani, maana haya nitakayokwambia sijawahi kuyasema yote kwa pamoja, si kwa watoto wangu wala kwa baba yao. Wao wakiniona nimenyamaza hudhani nimechoka. Juzi nilikwenda Mji wa Kale kuwapa pole watoto wa Bi Shirin, Mhindi aliyekuwa jirani yetu zamani, nyumba yake ikipakana na ile niliyokaa mimi. Wamekuja kutoka ng'ambo, wamezika, wamesoma hitma, na sasa wanaifunga nyumba. Nilipofika mlangoni nikakuta madebe yake ya mimea yamepinduliwa kichochoroni, udongo mwekundu umemwagika juu ya mawe, na juu ya ule udongo umelala mtambuu. Binti yake akaniambia, "Anti Hawa, wataka debe? Chukua tu, yote yatatupwa leo." Niliinama nikalikwaruza shina kwa ukucha. Ndani kulikuwa kukavu kama ufagio. Nikamwambia sitaki debe, ahsante, nikaingia ndani kwa wenzangu nikasoma Yasini pamoja nao, na kila aya niliyoisoma niliisoma huku nauona ule mtambuu nje, juani, watu wanaupita. Yule binti hana kosa. Hakujua ulitoka wapi. Katika dunia hii nimebaki mimi peke yangu ninayejua, na ndiyo sababu nimekuita.

Sitakueleza nilikotoka wala wazee wangu ni nani. Anzia hapa: mwaka ule nilikuwa msichana wa karibu miaka ishirini, shule nimeiacha njiani, na nilipelekwa nikakae na Bi Rukia, mjane, katika nyumba ya mawe kwenye kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu. Macho yake yalikuwa yamepungua nuru. Alimtambua mtu kwa mwendo na harufu kabla ya uso. Chumba chetu kilikuwa cha chini, kirefu na chembamba, boriti zikionekana juu, kitanda chake cha samadari upande mmoja na mkeka wangu upande wa pili, na katikati kijimeza chenye kijamanda chake cha tambuu. Kijamanda ni kikasha tu, lakini yeye hakikuwa kikimtoka mkononi: popoo huku, katu huku, kikopo cha chokaa huku, vyote vya kukunjwa ndani ya jani la tambuu na kutafunwa. Ukifungua mlango wa chumba unatokea uani, na uani ndipo palipokuwa na mtambuu. Kama hukuwahi kuuona, ni mmea unaotambaa, majani yake mapana yenye ncha, na wetu ulikuwa umepanda ukuta mzima mpaka kwenye dirisha la ghorofani. Mumewe, marehemu Mzee Athumani, ndiye aliyeupanda. Na mtambuu ule ndio uliokuwa ukimlisha Bi Rukia. Harusi yoyote ya mtaa ule, sinia la tambuu lilitoka kwetu. Wazee wa barazani tambuu zao zilitoka kwetu. Tulichuma baada ya swala ya Alfajiri, majani yakiwa bado na umande, tukayafuta moja moja kwa kitambaa cha maji, tukayapanga kwa ukubwa, kisha ndiyo tukanywa chai yetu na mahamri na mbaazi za nazi. Hata sasa nikinusa mbaazi zinachemka pua yangu hunusa na tambuu mbichi.

Nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya kaka yake, na kaka yake alipofariki ikawa ya wanawe. Mkubwa wao, Hamadi, kijana mwenye adabu aliyefanya kazi ghalani Mbaraki, aliwaambia nduguze mbele ya watu kwamba shangazi akiwa anajilisha mwenyewe hatotolewa pale. Siku kujilisha kukimshinda, atakwenda kwake Hamadi, Ganjoni, na chumba cha chini kikodishwe kiwe duka, maana wenye maduka ya vinyago walikuwa wakikipigia hodi kila mara. Wote walikubali. Kwa hiyo ule mmea haukuwa mmea tu. Bi Rukia alikuwa na neno lake alilozoea, akiletewa sahani na jirani huichukua, hushukuru, kisha huirudisha na kitu ndani yake, japo ndimu mbili, na akiniambia mimi, "Sijala cha mtu tangu nimzike mume wangu, Hawa. Ukiniona nala cha mtu, jua nimekwisha."

Mimi nilikuwa nimejiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima, Ganjoni. Baada ya Alasiri navaa buibui langu naenda, na kabla ya adhana ya Magharibi nimerudi. Watu wa mtaani walinicheka. Wakisema mwari mkubwa hivi anakwenda kusoma ngumbaru na wapishi na makuli. Bi Rukia ndiye aliyeniruhusu, na alikuwa akinitaka nimsomee kila nilichofunzwa siku ile, yeye akitafuna, mimi nikisoma, na pale penye jambo lisilomwingia hutema mate kwenye kitemeo akasema, "Haya, lingine." Mwalimu wetu alikuwa Mtaita, Mwalimu Mwadime, mtu mrefu wa sauti ndogo, aliyetufundisha hesabu na kilimo kwa pamoja kwa sababu hapakuwa na mwalimu mwingine. Kilimo kisiwani, fikiria. Mama mmoja muuza viazi vya karai alimwuliza siku ya kwanza tutalima wapi, juu ya lami? Akacheka naye, akasema mtu akiwa na kopo moja tu la pilipili huyo ni mkulima.

Mambo yalianza na rangi. Kabla ya mvua za masika niligundua majani machanga, yale ya juu kabisa, yanatoka ya manjano, lakini mishipa yake imebaki kijani, utadhani mtu kayachora kwa kalamu. Nikamwambia Bi Rukia. Akapapasa jani kwa kidole gumba, akalinusa, akasema lina njaa. Na dawa ya njaa aliijua. Kila Ijumaa wakati wanaume wako msikitini, alikoroga chokaa katika kata ya maji akaumwagia mtambuu shinani, Bismillahi mdomoni. Mumewe alimfundisha hivyo: jani hili haliendi kinywani bila chokaa, basi lizoeshwe chokaa tangu kwenye mzizi. Na hakuwa peke yake, wazee wengi wa mji wakifanya hivyo na mitambuu yao. Tena kila kuta zilipopakwa chokaa kabla ya Ramadhani, yale mabaki ya ndooni hayamwagwi barabarani, huletwa uani. Miaka na miaka. Na udongo wenyewe wa ua ule ni kifusi cha matumbawe, ukiuparura kidogo unaona vipande vyeupe. Basi alipoona njaa, akaongeza. Ikawa Ijumaa na Jumatatu.

Nilichuma jani moja nikalitia kitabuni nikaenda nalo darasani. Nilipolitoa mbele ya Mwalimu, darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Kwetu pwani mwanamke hampelekei mwanamume tambuu hivi hivi. Yule muuza viazi akasema, "Masikini Mwalimu wetu, leo kaposwa na hana hata kanzu." Mwalimu mwenyewe hakuelewa mpaka alipofafanuliwa, na masikio yake yakabadilika rangi. Kisha akalinyanyua jani kwenye mwanga wa dirisha, na kicheko kikaisha kidogo kidogo, kwa namna alivyokuwa akilitazama. Aliniuliza udongo ni wa namna gani, nikamwambia. Aliniuliza tunautia nini, nikamwambia chokaa. Akaniuliza kiasi gani, nikamhesabia kata za Ijumaa na za Jumatatu.

Somo la siku ile naweza kukusomea lote mpaka leo. Alisema mmea una vyakula vikubwa na vyakula vidogo. Vikubwa vinaunenepesha na kuurefusha. Vidogo, chuma, manganizi, zinki, shaba, mmea hula chembe tu, lakini kwa chembe hizo ndipo hujijengea ukuta wa ndani na kutengeneza uchungu wake wa kufukuzia ugonjwa. Potasiamu nayo hukaza ngozi ya jani. Ugonjwa, alisema, hufika kwa kila mmea, mvua ikinyesha hunyesha kwa wote. Uliolishwa sawa utapata doa, doa litakauka, basi. Uliokosa, doa litatembea. "Na chokaa ikizidi, dada Hawa, hivyo vyakula vidogo vinafungika udongoni. Vimo humo humo. Mzizi unavigusa lakini hauwezi kuvinywa." Nikaona katika moyo wangu mtu aliyefunga, futari iko mbele yake, na adhana ya Magharibi haisomwi. Nikakaa na picha ile njia nzima ya kurudi.

Akaniambia la kufanya: tuache chokaa kabisa, tuchimbe ule udongo kando ya mizizi polepole, tutie udongo mwekundu wa bara na samadi iliyooza vizuri, na kuna dawa ya hivyo vyakula vidogo hupuliziwa majanini ili isipite kwenye udongo uliofungwa. Na mifereji ya maji ya mvua isimwagike shinani. Nilirudi nikiwa nakaribia kukimbia. Bi Rukia alikuwa ameketi kizingitini mwa uani anakata popoo kwa kikasi chake, na harufu ya mchuzi wa papa imetanda. Nilimweleza yote, nikipanga maneno kwa heshima, maana anayezungumziwa pale alikuwa marehemu Mzee Athumani, si chokaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakunja jani lake, akapaka chokaa kwa ncha ya kidole, akalitia shavuni.

"Huyo mwalimu wako," akasema, "yuwatafuna tambuu?"

"Hatafuni, Bi."

"Basi." Akatafuna. Halafu akaona kwamba nimeinamisha kichwa, sijui aliona vipi na macho yale, akanivuta. "Ndoo hapa karibu yangu. Sikukukasirikia. Lakini wanambia niache jambo alilonionyesha mume wangu kwa mkono wake, kwa neno la mtu asiyejua hata ladha yake? Nikiliacha, nimebaki na lake lipi?"

Nikamkusanyia popoo alizokata nikazitia kijamandani. Sasa mimi ni mtu mzima, nina wanangu, nimesoma mpaka nimepata cheti, na swali lile bado ninalo.

Bi Shirin aliyasikia yale, kwa sababu dirisha lake la jikoni lilikuwa juu ya ua wetu na hakuna siri kati ya nyumba zile. Alikuwa mama mnene mcheshi, mumewe muuza vitambaa, na Kiswahili chake kilikuwa cha mji lakini chenye lafudhi ya kwao. Yeye pia alikuwa na mtambuu, juu darini, kwenye paa la wazi, ndani ya madebe ya mafuta ya kupikia, kwa udongo mwekundu ambao jamaa zake walimletea kutoka Kwale, na makombo ya jikoni aliyoyaozesha mwenyewe. Bi Rukia alikuwa akimtania kwamba tambuu za debeni ni za watoto, hazichomi. Bi Shirin akimjibu kutoka dirishani, "Zako zachoma kwa sababu mwenyewe mkali, dada." Walitaniana hivyo asubuhi zote. Siku ile Bi Shirin akasema, kwa sauti ya chini kidogo, nipe kijiti kimoja nikitie debeni kwangu, kiwe akiba. Bi Rukia akamwambia mtambuu wa marehemu hautoki kwenye nyumba ile. Ikaisha.

Hamadi ndiye aliyetuletea furaha, na Mungu amrehemu, alifanya kwa mapenzi. Alikuja Jumapili moja kumsalimia shangazi yake, akambusu mkono, akakaa, akakatiwa mkate wa mofa na samaki, na akausikia wasiwasi wake. Akautazama ule umanjano. Wiki iliyofuata akaja na gunia dogo begani. Kazini kwao meli ya mbolea ilikuwa imeshusha, na ile inayomwagika chini huruhusiwa wafanyakazi kuizoa. Chembe nyeupe, kama sukari nene. Akasema, "Shangazi, bara mashamba mazima yaenda kwa hii." Akaitia mwenyewe shinani, kwa viganja, akamwagia maji ndoo baada ya ndoo, kanzu imekunjwa kiunoni, anatokwa jasho, na Bi Rukia anamwombea dua kwa kila ndoo.

Wallahi ule mmea ulifufuka. Sijaona kitu kama kile. Majani yalitoka makubwa kama viganja vya mwanamume, laini, yanang'aa, matawi yakavuka dirisha la ghorofani yakaanza kuninginia upande wa pili. Wazee wa barazani walikuja kutazama. Mwenye harusi mmoja alichukua masinia yote tuliyoweza kupanga. Bi Rukia alikuwa akipita mkono juu ya majani akicheka peke yake, na jioni moja, mimi nikiwa natoka kwenda darasani, akaniambia, "Kamwambie Mwalimu wako mtambuu wangu wamsalimu." Nilicheka naye. Lakini nilikuwa nimeinua macho kule juu kabisa, kwenye vichwa vya matawi, ambako yeye hawezi kuona na wengine hawakutaka kutazama. Majani machanga bado yalikuwa ya manjano, mishipa kijani. Nilimweleza Mwalimu, na hakufurahi. Alisema hicho tulichotia ni chakula cha kunenepesha peke yake. Alisema mtoto ukimlea kwa sukari atanona mashavu, halafu homa ya kwanza itamlaza. Ngozi ya majani yale ilikuwa nyembamba, ukilikunja jani halivunjiki, linasinyaa. Niliirudisha habari ile nyumbani nikaisema kidogo, nikaikatiza katikati. Nani anataka kumnyang'anya mama wa macho yale furaha yake? Hata hivyo nilisema. Nilimwambia na Hamadi, naye akaniangalia kwa upole kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyehifadhi sura mpya, akasema, "Hawa, si waona kwa macho yako?"

Mvua za masika zikaingia. Mji wa Kale kukinyesha, maji hukosa pa kwenda, huteremka kutani yakiwa meupe kwa chokaa ya ukutani na kujikusanya uani. Mtambuu wetu ulisimama ndani ya maji yale. Asubuhi moja nikaona doa jeusi kwenye jani, limelowa, pembeni kama limepikwa. Kesho yake madoa yalikuwa jani kwa jani. Nilipanda ghorofani kwa Bi Shirin nikaangalia madebe yake. Na yeye alikuwa nayo! Doa lile lile, mvua ile ile, kuta zinazogusana. Lakini kwake doa lilikuwa dogo, limezungukwa na duara la hudhurungi, limekauka, na jani limebaki gumu mkononi mwangu. Nilisimama pale darini mvua inaninyeshea nikatazama chini uani kwetu. Kule madoa yalikuwa yakitembea. Somo zima la Mwalimu lilikuwa mbele yangu, juu na chini, na kuijua maana yake hakukunipa kitu chochote mkononi. Niliwahi kudhani kwamba elimu ikija inakuja na msaada wake. Siku ile niliona inaweza kuja peke yake, ikakaa na wewe ukatazama nayo.

Niliteremka nikamwomba Bi Rukia kile kijiti. Sikumwambia habari za Mwalimu tena. Nilimwambia tu, "Bi, nipe kimoja nikampe Bi Shirin, kabla ugonjwa haujapanda mpaka juu." Alikuwa amekaa kitandani, tasbihi mkononi, akaihesabu mpaka punje ya mwisho. Kisha akasema, "Kata." Sikulia kwa kuoza kwa majani, lakini kwa neno lile nililia, kwa sababu nilijua limetoka kwa mtu aliyekwisha kushindwa. Nilichagua ncha iliyokuwa juu kabisa, mbali na maji, nikaikata kwa kisu kilichochemshwa, Bi Shirin akaipokea dirishani kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga, wala hakusema mzaha wowote.

Haikupita siku nyingi shina la chini likalainika. Aliligundua yeye kabla yangu. Nilimkuta uani, amechutama kwenye maji, kanga imelowa mpaka magotini, anapapasa shina kutoka juu kuja chini, na mahali fulani vidole vikazama. Akavinusa. Harufu ile siwezi kukueleza, tamu na mbovu kwa pamoja. Akaniambia, "Umeoza tini." Nikamwinua, nikamwosha mikono kwa sabuni, nikamwosha na miguu, tukasali Adhuhuri pamoja yeye akiwa amekaa. Baada ya kutoa salamu akasema niutoe wote, nisibakishe, asije akapapasa akagusa kimti kikavu. Nikautoa. Ukuta ulibaki na alama za mizizi kama michoro ya hina iliyochujuka.

Hamadi alikuja mwenyewe, hakutuma mtu. Mimi nilikuwa jikoni nageuza chapati, na pazia halizuii sauti. Alisema habari za Ganjoni: maji ya mfereji hayakatiki, mkewe yuko nyumbani siku nzima, hospitali iko karibu, na tuk-tuk hufika mpaka mlangoni. Kila alilolisema lilikuwa kweli. Aliyasema kwa aibu, akijikwaa, kwa sababu alijua alichotia yeye kwa viganja vyake, na kama hakujua yote alijua nusu. Bi Rukia alimwacha amalize. Kisha nikamsikia, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeagiza chumvi:

"Basi nitakula chako, mwanangu."

Nikasikia kiti kikisogea, Hamadi ameinama kumbusu mkono, na baadaye akapita jikoni uso umelowa asiweze kunitazama. Chapati iliungua. Tuliila vile vile.

Fleti ya Ganjoni ilikuwa ghorofa ya tatu, safi, sakafu ya terazo, dirisha la nondo linalotazama dirisha jingine la nondo. Mimi nilirudishwa kwetu, lakini darasa lilikuwa mtaa ule ule, hivyo nikitoka nampitia. Mke wa Hamadi alikuwa mwema. Alimpikia maharagwe ya nazi, wali, samaki wa kupaka. Bi Rukia alikaa sahanini na wenzake, akamega matonge mawili matatu, akasema Alhamdulillahi nimeshiba kabla ya mtoto mdogo wa nyumba hajashiba. Hakuomba kitu. Kijamanda kilikuwa kichwani mwa kitanda, kimefungwa. Aliacha kutafuna, na mtu aliyetafuna umri mzima akiacha uso hubadilika, mashavu huingia ndani, nikawa namwona anapungua kila jioni. Aliniuliza tumesoma nini, nami nikamsomea, lakini hakusema tena "Haya, lingine." Alisema vizuri, vizuri.

Kile kijiti kilishika. Bi Shirin alinipigia ukelele dirishani siku nilipopita kumsalimia, nipande nione. Ndani ya debe, kwenye udongo mwekundu, kilikuwa kimetoa majani ya kijani kizito mpaka nchani, magumu, yanatoa mlio ukiyakunja. Nilichuma la kwanza lililofaa, nikalifunga kwa kitambaa kibichi, nikakwenda nalo Ganjoni. Njia nzima nilikuwa nikizungumza na Mola wangu, nikamwambia, haya moja tu, haya moja nimpe. Nilimfungulia kijamanda chake mwenyewe. Nikampakia chokaa kidogo, katu, popoo, nikakunja, nikamtilia mkononi, nikamwambia lilikotoka. Akalinusa. Akatafuna polepole, mke wa Hamadi amesimama mlangoni na mwiko mkononi, sote tunamtazama.

"Zuri," akasema. Akatafuna tena kidogo. "Lakini hili si letu."

"Ndilo, Bi. Nililikata mimi. Ni mtambuu wa Mzee."

"Zuri, mwanangu. Letu lilikuwa likichoma." Akalitoa kinywani kwa adabu, akalifunga kwenye kitambaa, akalishika mkononi hivyo mpaka nilipoaga.

Labda ule uchungu aliouzoea ulikuwa ni wa mmea wenye njaa. Labda ulimi wake ndio uliokuwa umechoka. Mwalimu nilimwuliza akasema hajui, na nilimpenda kwa kusema hajui. Mwaka ule haukwisha na Bi Rukia. Alifariki akiwa amelala ubavu wake wa kulia, na Hamadi alimzika kwa heshima zote. Chumba chetu cha chini kikawa duka la vinyago, na ua ukazibwa saruji. Nimeupita mlango ule maisha yangu yote na sijaingia.

Watu huniambia mimi ni mwenye subira. Nasali, nafunga Jumatatu na Alhamisi, na najua kwamba lililoandikwa limeandikwa. Lakini nitakuwa mwongo nikikwambia moyo umetulia. Walimpenda wote, ndugu yangu. Mumewe alimfundisha kwa mapenzi, Hamadi alimwaga viganja vyake kwa mapenzi, mimi nilibeba jani kitabuni kwa mapenzi, na kila mmoja wetu alikuwa akimpelekea kitu. Kwa miaka yote hii nilijipa faraja moja, kwamba mtambuu wa Mzee Athumani uko hai darini kwa Bi Shirin, hata kama mwenyewe aliukana. Juzi nimeukwaruza kwa ukucha.

Sasa ombi langu. Nawe utakaa siku moja uani kwa mtu, au darini, au penye kopo la pilipili dirishani, uone jani changa la manjano lenye mishipa ya kijani, na mwenye mmea ameshika kitu cha kuongeza. Mshike mkono. Mwulize kwanza umeshalishwa nini mpaka sasa, na kwa muda gani. Mweleze kwamba chakula kinaweza kuwa mle mle ardhini na mzizi usikinywe, na kwamba ugonjwa ukija utaangalia nani alilishwa sawa na nani alinoneshwa tu. Kisha mwombe naye amwambie jirani yake, wa dirisha la kuelekeana. Jina langu liache. Ukitaka kulitaja jina, taja la Bi Rukia, na useme hakula cha mtu mpaka mtambuu wake ulipooza.